Mkono Uliokomea Katikati ya Tiva

Juzi mjukuu wangu Mwende, aliyekuja kwa likizo kutoka Athi River, aliketi hapa mlangoni na simu ya mamake, akitazama sinema ya mtu mwenye nguvu kupita watu wote. Mimi nilikuwa napeta ndengu. Sinema ilipoisha aliiweka simu chini kwa hasira, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Susu, wameharibu ya pili!" akaniambia; susu kwetu ni nyanya. "Ile ya kwanza alikuwa anainua lori kwa mkono mmoja. Sasa amerudi mnyonge, analialia tu. Halafu wameleta watu wengi, hata sijui ni wa nini. Hata mimi ningeitengeneza vizuri kuliko hao."

"Pengine hukuielewa," nikasema.

"Nimeielewa. Ni mbaya tu."

Akaanza kunieleza vile angeitengeneza: huyu angetolewa, yule angepigwa, mwenye nguvu angeshinda mapema. Ungo ukatulia mikononi mwangu. Maneno hayo nilishayasema mimi, nikiwa mdogo kuliko Mwende. Niliyasema mbele ya watu, na aliyeambiwa alikuwa nyanya yangu, mama wa baba, aliyekuwa akisimulia hadithi yake mwenyewe aliyoitunga kwa kichwa chake. Acha nikusimulie, maana Mwende sikumwambia.

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu, kisha nikabaki nyumbani kulisha mbuzi. Lakini majina siyasahau. Tuliokuwa tukiketi kwa nyanya ni mimi, ndugu yangu Kitheka, dada yetu Wanza, watoto wa jirani Ndunge na Mwikali, na Kasiva mdogo ambaye alikuwa analala kabla hadithi haijaanza. Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Tiva ukitoka Kwa Vonza. Wakati wa kiangazi Tiva ni mchanga mtupu. Tulikuwa tunachimba shimo kwa mikono, tunangoja maji yachuruzike polepole, tunayateka kwa kibuyu kilichokatwa. Lakini mvua ikinyesha huko juu, hata kama kwetu ni jua kali, mto unakuja bila kupiga hodi. Kwanza unasikia mngurumo. Ukiwa katikati ya mchanga ukasikia mngurumo huo, usigeuke kutazama. Kimbia.

Nyanya alikuwa akipika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa mpaka maganda yakatoka, pamoja na mbaazi. Chakula hicho kinataka subira. Chungu kilikaa juu ya mafiga tangu mchana, na jua likishatua watoto tulikuwa tumechoka, tunasinzia, tunalia njaa. Hadithi zilikuwa za kutushikilia macho mpaka chungu kiive. Mchana zilikuwa mwiko. Nyanya aliketi na katani yake, akiisokota juu ya paja kutengeneza uzi wa kiondo, na hadithi ilikuwa ndefu au fupi kulingana na mbaazi.

Mimi nilipewa jina lake, Kalunde, kwa hivyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, mume wetu amekula?" aliniuliza, akimaanisha babu, naye babu alijibu kutoka nje kwamba wake zake wote wawili ni wavivu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Hadithi iliyozishinda nyingine kwa utamu ilikuwa ya Kithuka. Huyu alikuwa mtu wa kawaida, mfupi hata, mwenye mashavu ya kula vizuri. Lakini mtoto akilia mahali, mikono ya Kithuka ilirefuka kama mmea wa malenge unaotambaa shambani. Ilipita juu ya miti, ikapita juu ya vilima, ikamchukua mtoto. Zimwi lilikuwa limeiba watoto wa kijiji kizima na kuwafungia ng'ambo ya mto uliofurika, likakaa ukingoni likijilamba, likijua hakuna atakayevuka. Kithuka akasimama upande huu. Hapo ndipo nyanya aliimba.

"Mkono, mkono, umemwona mtoto?"

Na sisi sote tuliitikia kwa nguvu, "Nimemwona, narefuka!"

Mkono ulirefuka kwa kuitikia kwetu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nyanya alikuwa mkali kwa jambo hilo. Tukiitikia kivivu, alisema, "Umefika kwenye mawe tu, na maji yanaukokota." Tulipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka zizini, na mkono ukafika, ukawatoa watoto mmoja mmoja, na mwishowe zimwi lenyewe likashikwa shingo na kutumbukizwa majini. Nyanya alifunga hadithi kama wasimulizi wa kwetu, kwa kutuombea sisi chawa na kujiombea yeye mbuzi, tukacheka, na chungu kikaipuliwa. Sijui tuliisikia mara ngapi. Hakuna aliyechoka.

Sasa nikuambie kuhusu baba mdogo. Mutua alikuwa kitinda mimba wa nyanya, kijana aliyeanza kuota ndevu, na ndiye aliyekuwa akituvusha Tiva mabegani tulipoenda kanisani upande wa pili. Mwaka ule baada ya njaa mvua ilikuja kama inayolipiza kisasi. Mutua alikuwa ametumwa Kwa Vonza kununua chumvi. Jioni nyanya alitelemka mtoni kumpokea, kwa sababu mawingu ya juu hayakumpendeza. Alimkuta Mutua ameshaingia mchangani, mzigo wa chumvi kichwani. Mngurumo ukaja. Nyanya alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, akainyoosha, naye Mutua akanyoosha mkono. Waliofika baadaye walisema bado alikuwa ameinyoosha fimbo ile na hakuna kitu mbele yake ila maji. Mutua alipatikana siku ya tatu, mbali sana, mchanga umemfunika nusu.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nililia kwenye mazishi, niliona kaburi. Nataka ujue kwamba niliyajua.

Baada ya hapo nyanya hakusimulia kitu. Alisokota katani kimya na sisi tukala kimya. Kunde zikavunwa, zikapigwa kwa fimbo uwanjani, zikawekwa ghalani, na watoto ni watoto, tukaanza kumsumbua.

"Susu, Kithuka."

"Kithuka amelala."

"Mwamshe."

"Anaumwa mabega."

"Tutamkanda na samli!" Kitheka akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua nyanya akacheka kidogo kwa pua.

Jioni moja alipachika chungu, akachukua katani, akasema, "Haya. Kithuka amerudi." Ndunge na Mwikali walikuja mbio, hata Kasiva alikataa kulala.

Lakini aliyerudi hakuwa yule tuliyemjua. Nyanya alianza mbali sana. Kithuka alikwenda nchi nyingine kuoa, njiani akakutana na mfua chuma, wakabishana kuhusu jembe. Kisha akaja ndege mwenye mdomo mkubwa akiomba chumvi. Kisha wakwe wakagombana juu ya mbuzi aliyekuwa na doa. Nyanya aliongeza maji kwenye chungu, akaongeza tena.

"Susu, huyu mfua chuma atafanya nini?" Kitheka akauliza.

"Ngoja."

"Tumengoja mpaka mbaazi zimetuonea huruma."

"Nyamaza wewe, kichwa kama mtungi."

Halafu akalileta zimwi. Wanza akasema zimwi lilizama, sote tulilizamisha. Nyanya akasema huyu ni ndugu yake. "Ndugu gani? Hatukuambiwa ana ndugu!" Tukacheka. Nyanya hakucheka. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mara kwa mara aliuachilia uzi ukafumuka, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Mwishowe Kithuka akafika mtoni. Mto umefurika. Nyanya akasema mabega yake yanamuuma, amezeeka, ametembea sana. Na ng'ambo hakukuwa na watoto. Kulikuwa na kijana mwenye ndevu changa, amebeba mzigo kichwani, maji yamemfika kiunoni.

Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nilikasirika kwa ajili ya Kithuka wangu. Nikasema kwa sauti, "Huyo ni mkubwa! Si aogelee! Mtu mzima anaogopa maji?"

Wote wakaangua kicheko. Kitheka akajifanya mtu mzima anayezama, akapiga mikono hewani, tukacheka zaidi. Nyanya alingoja tumalize. Kisha akaimba.

"Mkono, mkono, umemwona mtoto?"

Mimi nikaweka kidole mdomoni, nikawatazama wote kwa zamu. Nilitaka ajue hadithi yake ni mbaya. Hakuna aliyeitikia.

Aliimba mara ya pili. Tulikuwa tunabana kicheko. Wanza alitaka kufungua mdomo, nikamfinya.

Mara ya tatu hakuimba, alisema tu. "Mkono, mkono. Umemwona mtoto?" Chungu kilikuwa kinatokota, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwako.

"Mkono umekomea katikati," nyanya akasema.

Ndipo nikasimama. Mungu anisamehe, nilisimama katikati ya jiko nikasema hapana, haiishi hivyo, mimi nitaimaliza. Nikasema Kithuka alijikung'uta, uzee ukaanguka kama vumbi, mikono ikafika mbinguni, ikamchukua yule kijana na mzigo wake hata punje moja ya chumvi haikulowa, na zimwi likatupwa mpaka upande wa Taita. Watoto wakapiga makofi na vigelegele. Nikaketi nikimtazama nyanya nipate sifa yangu.

"Ni nzuri," akasema. "Yako ni nzuri."

Akainuka akaipua chungu. Kilikuwa bado. Tulikula muthokoi mgumu jioni ile, tukitafuna kama mbuzi. Alipomaliza kupakua akanipa sahani yangu. "Chukua, Kalunde."

Sikujua ni kitu gani kimenichoma. Nilidhani ni sahani.

Nyanya hakusimulia tena. Watoto wa jirani walikuja siku chache, wakiuliza akasema, "Hadithi ziko na Kalunde." Na mimi, unajua, nilifurahi! Nikawa msimulizi. Nikatunga Kithuka wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja ana mikono mirefu kuliko wa jana, kila mmoja anashinda kabla mto haujamlowesha ukucha. Ndunge na Mwikali wakaacha kuja. Mwishowe hata Kitheka alilala nikisimulia. Mtu asiyeweza kushindwa hana haja ya kuitikiwa, lakini hilo nilichelewa kulijua.

Niliolewa huku Makueni, mbali kidogo na barabara ya Mombasa. Nilipopata mtoto wangu wa tatu nilimwita Mutua, nikampeleka nyumbani nyanya amwone. Alikuwa amezeeka, anaketi juani, macho yamefunikwa na ukungu. Mama aliniambia nisimchoshe. Nilimpakatisha mtoto, akampapasa vidole, akauliza anaitwa nani. Nikamwambia. Alikaa na vidole vile muda mrefu.

Nilikuwa nimekuja na neno langu tangu Makueni. Nikasema, "Susu, ile hadithi ya pili ya Kithuka. Nilikukosea."

"Ipi?"

"Ile ya kijana mwenye mzigo. Nilisema ni mbaya kwa sababu Kithuka alishindwa."

Akageuza uso upande wa sauti yangu, akionekana kushangaa kweli.

"Nani alikuambia alishindwa?" akasema. "Hakuwa ameshindwa. Nilikuwa nawangoja ninyi."

Nikamuuliza ilikuwa iishe vipi, kijana angefika? Nilimuuliza mara mbili, tatu. Akasema, "Sasa hiyo nitaikumbuka wapi, mama?" Akarudi kwa vidole vya mtoto. Kabla ya mavuno alikufa, na nilipofika walikuwa wamemzika.

Miaka hii yote nimeikagua hadithi ile ya pili kama mtu anayekagua ndengu, naokota mawe. Kasoro zilikuwako, sitadanganya. Mwanzo wake ulikuwa mrefu mno. Mfua chuma hakuwa na kazi yoyote, wala wakwe na mbuzi wao mwenye doa. Zimwi halikustahili kuwapo hata kidogo, kwa sababu mto peke yake ulitosha. Mwende angeyaona haya mara moja. Lakini sasa ninajua kwa nini yalikuwako. Nyanya alikuwa anaogopa kufika mtoni. Kila alipoukaribia alimwita mtu mwingine amcheleweshe njiani, mfua chuma, ndege, mkwe yeyote, mpaka wakaisha wote, na maji yakabaki mbele yake.

Ningepewa kuitengeneza, ningeianzia hapo ukingoni. Ningewaambia watoto mapema kwamba Kithuka anaumwa mabega, wasije wakadhani wameibiwa. Kijana ningemwacha vile vile, na ndevu zake na chumvi yake. Na kando ya Kithuka ningemweka mama, mwenye mikono mifupi kama ya watu wote. Nyanya hakumweka mama yeyote katika hadithi ile. Nadhani hakuweza. Hiyo ndiyo kasoro kubwa, na hiyo siwezi kumlaumu. Kisha ningeimba.

Lakini nikifika hapo kwenye wimbo, hapaendeleki. Nimejaribu nikiwa shambani, nimejaribu nikiwa jikoni peke yangu. Sijui mkono ulikuwa ufike au usifike. Pengine nyanya mwenyewe hakujua. Pengine jioni ile alitaka watoto sita wapige kelele kwa nguvu zao zote, aone kama safari hii ungefika. Kitu kidogo hivyo. Kufungua mdomo tu.

Tiva siku hizi ina daraja, na malori yanachota mchanga usiku na mchana mpaka mto umebaki na mawe yake tupu. Hakuna mtoto anayebebwa mabegani. Kitheka tulimzika kule kijijini Tulia. Wanza yuko Mombasa, na kumbukumbu zake zimeondoka kabla yake, hanijui nikimpigia simu. Ndunge alikufa akijifungua. Mwikali nilisikia amekufa, sikuambiwa lini. Kasiva nilimpata siku moja kwenye harambee, nikamuuliza kuhusu Kithuka, akacheka akasema yeye alikuwa analala tu.

Nimebaki mimi peke yangu ninayejua kuitikia. Jua likishatua huketi hapa nje kidogo, kabla hawajaniita kula, na ningeitikia kwa sauti hata majirani wakashtuka, sioni haya tena. Lakini kuitikia hakuanzi. Ni lazima mtu mwingine aimbe kwanza.